Pikapu ya Ng'ombe wa Milembe

Asubuhi ile tuliokuwa uani ni hawa: baba yangu Luhende, mama yangu Mbuke, shangazi Kwandu, dada yake baba, ambaye kwetu tunamwita sengi, Saidi dereva, mtu wa Tabora aliyekaa kwetu kama ndugu, dada yangu Milembe, mtoto wa kwanza wa mama, na mimi Holo, wa mwisho, mapengo mdomoni. Wa saba ilikuwa pikapu. Naihesabu pamoja na watu kwa sababu ilinunuliwa kwa mtu. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli iliyochanganyika na vumbi la pamba, naiona rangi yake ya kijani iliyobabuka na bodi lake la mbao.

Mtu huyo ni Milembe. Alipoolewa Kagongwa na Jilala, ng'ombe wa mahari waliingia zizini kwetu wengi, hata sengi Kwandu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkatika. Hawakukaa hata msimu mmoja wa mvua. Baba aliwaswaga mnadani wote, akabakiza ndama mmoja kilema, akaenda Shinyanga mjini na kurudi amekaa mbele kwenye gari ambalo watu wawili walishalitumia kabla yake. Kijiji kizima, upande wetu ule wa Songwa, kilikuja kuangalia. Baba akaipiga boneti kwa kiganja. "Ng'ombe wangu ndio hawa sasa," akasema. "Hawali majani, hawafi kwa kiu." Watu wakacheka. Sengi hakucheka. "Kaka, na huyu wako atazaa lini?" Hapo wakacheka zaidi, na baba naye akacheka, ila macho yake hayakucheka.

Sitasema uongo juu ya ile pikapu. Ilikuwa chuma. Mvua zikinyesha, udongo wetu mweusi wa mbugani unageuka ugali, malori ya watu wenye fedha yanazama mpaka kwenye ekseli, lakini yetu inapita imebeba marobota ya pamba na wanawake wanne juu yake. Tangi la petroli lilitoboka, Saidi akaliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na sabuni ile ikakaa miezi. Springi ilivunjika njiani, akaifunga kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ilipokauka ikabana kuliko chuma chenyewe. Kila alfajiri alichukua hendeli, ule mkono wa chuma wa kupigia stati, akauchomeka chini ya rejeta, akazungusha mara moja, mara mbili, na mngurumo ukajaa ua mzima hata kuku wakakimbia. "Umesikia, bibi mdogo?" alikuwa akiniambia. "Huyu hajui kuugua." Nami nilikuwa nikimpenda Saidi na kuipenda pikapu, siwezi kuficha.

Kisha Milembe akarudi. Alitembea siku tatu kutoka Kagongwa, akafika mchana wakati mama anaanika mtama, jicho moja limefumba kwa uvimbe na mkono wa kushoto ameushika kwa mkono wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama alimwaga mtama chini, akamkumbatia. Baba naye alimtazama mkono ule kwa muda mrefu, na nilimwona kidevu kinamtetemeka, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hakumpenda mwanawe. Lakini wiki haikuisha, ujumbe ukafika kutoka kwa Jilala. Mke arudi, kama harudi, ng'ombe warudi. Na wasiletewe gari. Wao walitoa ng'ombe wenye mikia, wanataka ng'ombe wenye mikia.

"Uza gari," mama alimwambia baba, mbele yetu sote, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. "Uza, ununue ng'ombe, uwape. Mwanangu abaki."

"Nikiuza tutakula nini, Mbuke?"

"Tulikuwa tunakula nini zamani?"

Sengi Kwandu akasema polepole, "Kaka, nilikuuliza atazaa lini." Baba akainuka akatoka, akaenda kukaa ndani ya pikapu, peke yake, mikono kwenye usukani, na yeye kuendesha hajui.

Kesho yake asubuhi akatoa amri. Milembe atapelekwa kwa mumewe, ataombewa radhi, yataisha. Mimi nilikuwa nimeamka kabla ya wote. Kwa akili yangu ya kitoto nilijua jambo moja: bila hendeli, gari ni jiwe. Nilikuwa nimeichukua chini ya kiti na kuitumbukiza ndani ya kihenge, nikaifukia kwa mtama mpaka mkono ukazama kwapani. Saidi alitafuta chini ya kiti, akatafuta kwenye bodi, kisha akanitazama. Mkono wangu wote ulikuwa mweupe kwa vumbi la mtama. Alijua. "Mzee, hendeli imepotea," alimwambia baba, huku bado ananitazama mimi. "Tuahirishe. Labda na hili gari limechoka."

"Gari hili halichoki," baba akasema. "Sukumeni."

Ua wetu ulikuwa na mteremko kuelekea barabarani. Sikuwa nimeufikiria mteremko. Saidi akakaa kwenye usukani, baba akashika upande mmoja, sengi upande mwingine huku analia, na mama akakataa, akakaa chini palepale. Gari halikusogea. "Holo! Na wewe njoo!" Niliganda. Milembe alikuwa amekaa nyuma kwenye bodi, magoti kifuani, anatutazama. Aliona baba anaokota fimbo. Akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Sukuma, mdogo wangu, usije ukapigwa."

Nikasukuma. Hatua nane, labda kumi, ikakohoa mara moja ikawaka, kama kila siku.

Mama hakumwona tena mwanawe. Alipofariki, mwaka wa nne baada ya pale, Milembe alikuja mazishini kwa miguu na watoto wawili, meno ya mbele hana. Walipomaliza kuzika baba akamwambia apande gari, Saidi atamfikisha. Akaiangalia pikapu na ule ukanda wake wa ngozi. "Bado inawaka?" akauliza. Baba akasema inawaka. "Nitatembea," akasema Milembe. "Nilishapanda, inatosha." Akafa hukohuko Kagongwa, akazikwa na watu wa Jilala. Pikapu baba aliiuzia wachimbaji wa upande wa Geita, na miaka mingi baadaye watu waliniambia wameiona inabeba mawe ya dhahabu.

Sasa mjukuu wangu Maganga ana gari jipya, lina taa kila mahali, na kila mwezi liko gereji. Anarudi amekasirika, anakaa karibu yangu. "Bibi, magari ya zamani ndiyo yalikuwa magari. Haya ni plastiki tupu." Namwambia ni kweli. Nikimwona amelisukuma gari lake mpaka jasho linamtoka na bado limekataa, nageukia upande wa pili asinione uso. Natamani baba angeuziwa la namna hiyo.

Majina nimeyataja kama ninavyoyakumbuka, na waliokuwepo wameshaondoka, nimebaki mimi. Kama kuna mtoto wa Saidi huko Tabora, au mtu wa Kagongwa aliyesimuliwa tofauti, anisahihishe, sitaona vibaya. Na kama yupo anayejua siku hata moja ambayo pikapu ile ilisukumwa ikagoma, aje aniambie. Mimi siikumbuki.