Picha Thelathini na Moja za Mwavuli Mmoja

Saa tatu asubuhi, mpigapicha amepiga magoti sakafuni na hakuna mahali pa mgeni kukanyaga. Picha zimetandazwa kutoka mlangoni hadi uvunguni mwa kitanda. Anaokota moja, anaisogeza dirishani, anairudisha, anaokota nyingine. Kisha anakaa kitako na kushika kichwa.

"Huu hapa," anasema. "Na huu. Na huu tena. Hebu niambie wewe, ni mimi naona vibaya?"

Haoni vibaya. Ni mwavuli uleule, wa bluu wenye madoa meupe na kiraka cheusi pembeni. Katika picha ya kwanza umevunjika kijiti na mzee mmoja anautengeneza. Katika picha ya mwezi uliofuata umevunjika tena. Na uliofuata, vilevile. Tunahesabu pamoja mara mbili: miezi thelathini na mmoja, picha thelathini na moja.

Mtaani wanamwita Jicho. Ana miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka kumi na saba amejitegemea, bila mwajiri, akipiga picha za watu wakiwa kazini: wafua mashuka wa hospitali, wachomeleaji, wasafisha mitaro. Picha hizo hazimpi hata nauli. Kodi ya chumba inatokana na harusi mbili au tatu kwa mwezi, na picha za pasipoti, "za watu waliokatazwa kucheka."

Sheria yake ni moja: hagusi kitu wala hampangi mtu.

"Nikimwambia mtu ainue kichwa, hiyo si kazi yake tena," anasema. "Imeshakuwa yangu."

Mzee wa mwavuli ni fundi miavuli, na Jicho amempiga picha kwa miaka saba, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, katika kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Baada ya siku tisa picha hizo zitatundikwa katika maonyesho yake ya kwanza maishani, na ndizo nusu ya picha zote. Alikuwa anazichambua ndipo akauona mwavuli.

Wiki iliyopita alikwenda kumuuliza mzee. Mzee alikohoa, akatazama pembeni. Aliyejibu ni mkamwana wake.

"Huo mwavuli ni wangu," alisema. "Baba kazi aliacha zamani, siku hizi watu wanatupa, wananunua mpya. Lakini kila ukikaribia kuja, Jumatano anauvunja, ili Alhamisi umkute anafanya kazi. Nilivyoloa Jumatano hizo, we acha tu."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mzee akakiri.

"Mwanangu, unakuja na jua lote lile, umebeba hilo libegi. Nikwambie nimefunga? Ungepiga picha ya nini, ya kufuli?"

Jicho anasimulia haya akicheka, na katikati ya kicheko machozi yanamlengalenga. Mwenyewe hajui ni aibu, ni huruma au ni hasira.

"Mwavuli ulivunjika kweli," anasema. "Akautengeneza kweli, kwa mikono yake. Sasa uongo uko wapi? Nautafuta siupati. Lakini upo."

Dada yake, msusi anayeishi chumba cha pili, hamung'unyi maneno. "Jicho gani hilo lisiloona mwavuli mmoja mara thelathini na moja? Zitoe." Msimamizi wa ukumbi naye amemwambia azitundike na anyamaze, kwani nani atajua? Ushauri huo ndio uliomvuruga kabisa. Akizitoa, maonyesho hayapo. Akizitundika kimya, hataweza kumtazama mtu machoni. Jibu linatakiwa Jumatatu, naye hajui ashike lipi aache lipi.

Juzi alirudi kumwambia mzee asijisumbue tena, mwavuli wa watu auache. Alidhani anamtua mzigo. Mzee akaanza kupangusa benchi lisilo na vumbi.

"Sawa," akasema. "Basi hiyo Alhamisi mimi niamkie nini?"

Jicho anasema alisimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Tunapoagana, ameanza kuzipanga upya picha zake ukutani. Anataka zote thelathini na moja ziwe kwenye mstari mmoja, na chini yake yaandikwe maneno ya mzee mwenyewe, kufuli na yote. Mzee ameridhia, ila kwa sharti kwamba mkamwana wake anunuliwe mwavuli mpya. Kama msimamizi atakubali, Jicho hajui. Kama hizo bado ni picha za maisha halisi, hajui pia.

Analolijua ni kwamba Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao atakwenda.

"Kamera sijui kama nitabeba," anasema. "Wala sijui tutafanya nini pale, mimi na yeye. Lakini nimeshamwambia nakuja."