Ufa Kati ya Mikato Miwili

Niliufungia ufa wa ukuta kati ya mikato miwili, kisha nikajiona mwandishi. Upumbavu huo ni wangu peke yangu.

Kwenye jengo letu hapa Kileleshwa, matangazo huyaandika mimi. Si kipaji. Ni vile nashinda nyumbani na slipa miguuni, basi keateka, mtunza jengo, hanikosi. Na tangazo la jengo lina adabu zake: halimtishi mpangaji, halimuudhi mwenye nyumba. Baya lolote unalipitisha mlango wa nyuma.

Kwa hivyo nikaandika kwenye grupu la wapangaji: "Ukuta wa nyuma, ambao una ufa kidogo, utapakwa rangi Jumamosi." Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha kwamba maneno unayoweza kuyatoa, sentensi ikabaki imesimama, uyatie mkato, yaani koma, mbele na nyuma. Niliyatoa kujaribu. Sentensi ikasimama wima.

Majibu yakamiminika. Wote waliuliza rangi gani.

Ng'ambo ya ukuta huo wanachimba msingi wa ghorofa jipya. Alhamisi alasiri chai yangu ilitetemeka kikombeni, na sikuwa nimeigusa. Nikashuka ngazi, jambo ambalo kwangu ni safari, nikaenda kutazama. Ule ufa "kidogo" ulimeza mkono wangu hadi kifundo. Chini yake udongo mweusi ulikuwa umelowa, na mvua haijanyesha. Juu ya chokaa palikuwa na alama za mpira, duara juu ya duara. Binti wa jirani yangu wa chini huupiga mpira pale kila akitoka shule.

Nikagonga kwao.

"Mama, mtoto asicheze huko nyuma. Ule ukuta..."

"Si ulisema ni rangi?"

"Nilisema na ufa pia. Uko pale katikati, kwa mikato, kwa sababu kisarufi..." Nikajisikia nikieleza.

Mashine ikanguruma, vioo vya madirisha vikalia. Akamwita mtoto. Akamwita tena, sauti imepanda. Hatimaye binti akatokea konani na mpira kwapani, nywele zimejaa vumbi la chokaa.

Mamake akampangusa kichwa polepole, kisha akanigeukia.

"Sasa hiyo ukuta ingemwangukia, huyu pia ungemweka kwa koma?"