Nilihesabu viatu milangoni nikamwambia mama nyumba za kupanga Nyegezi zimejaa, kisha mvua ikanyesha

Wakuu, salamu kwenu, wa kanda ya ziwa na wa kwingine kote.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, juzi juzi tu hapa. Sijatia chumvi. Hata ningetaka nisingeweza, maana mimi ni mtu wa kusoma meseji mara tano kabla ya kuituma, na uzi huu nimeuandika na kuufuta tangu asubuhi.

Mtanisamehe kwa urefu.

Mimi ni binti, nakaa Butimba, nafanya kazi stationery karibu na chuo cha ualimu. Sikusomea biashara wala takwimu. Nilichonacho nimekiokota YouTube na kwenye research za wanafunzi ninazowachapia. Ukichapa research za watu kwa muda mrefu unaanza kujiona mtafiti. Huo ndio ugonjwa wangu.

Sasa, mama yangu anakaa Majita, upande wa Mara, ziwani kabisa. Baba alipofariki alimwachia vitu viwili. Shamba linaloshuka mpaka kwenye maji, ambalo mihogo na viazi vyake ndivyo vilivyotusomesha. Na kiwanja hapa Nyegezi, ambacho kimebaki kichaka miaka yote.

Akatokea tajiri mmoja analitaka lile shamba ajenge hoteli ya ufukweni. Mama akapata wazo: auze shamba, ajenge apartment Nyegezi, azeeke anakula kodi.

Akanipigia.

"Wewe ndiye uko mjini. Hizo nyumba zinapata watu, au zinakaa tu?"

"Zinapata, mama."

"Usinijibu mbiombio hivyo. Katembee uangalie. Mimi nikishauza shamba, halirudi."

Wakuu, hayo maneno ya mwisho yalikaa kifuani kama jiwe. Mama hana pensheni. Ana lile shamba, basi.

Nikaanza na madalali. Wa Nyegezi, wa Mkolani, wa Buhongwa. Nikapiga simu mpaka Musoma, Geita na Bukoba ili nijue kama Mwanza ina tofauti. Kote jibu moja: "Dada, zimejaa. Imebaki moja tu, wahi."

Kila dalali kabakiwa na moja tu! Hapo hata mimi niliona kuna kitu.

Na kitu kingine. Kodi walizonitajia za Nyegezi zilikuwa zilezile za wakati daraja la Kigongo linajengwa. Kama nyumba zimejaa kiasi hicho, mbona kodi imesimama palepale? Swali hilo lilinijia. Nikaliruka. Naomba mlikumbuke.

Kwa kuwa siwaamini madalali, nikabuni njia yangu.

Huku kwetu mtu akiingia ndani anavua viatu mlangoni. Na apartment nyingi za Nyegezi zimepangwa kwa mstari ndani ya geti moja, kila mlango na kibaraza chake. Pita Jumapili jioni, watu wametoka kanisani wametulia majumbani. Mlango wenye viatu una mtu. Usio na viatu ni mtupu.

Nilijiona nimevumbua kitu, wakuu. Nilicheka peke yangu njiani.

Nikazunguka. Kila geti nasema natafuta nyumba, macho yangu yako chini. Viatu kila mahali. Ndala, raba, yeboyebo za watoto. Mapazia yamening'inia vizuri. Nikirudi nyumbani naingiza kwenye Excel, mlango wenye mtu naupaka kijani. Ukurasa ukawa kijani mwanzo mwisho kama majaruba ya mpunga.

Nikampigia mama, nikamwambia zimejaa.

"Una hakika?"

"Nimehesabu viatu mlango kwa mlango, mama. Watu wapo."

Akamshukuru Mungu. Akasema basi, Jumamosi anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kusaini na yule tajiri.

Jumamosi ikafika, mimi siwezi kutulia. Nimefua, nimedeki, nimedeki tena. Kuna geti moja nilihisi sikuliangalia vizuri, milango ya mwisho kule ndani niliihesabu kwa mbali. Mtu wa kawaida angeacha. Mimi nikapanda bodaboda hadi Nyegezi.

Geti hilo ni la mama mmoja wa makamo, nitamwita Mama Kulwa. Ndio nimeingia tu, mvua ikashuka. Mnaoishi huku mnaijua mvua ya ziwa. Haibishi hodi. Inakuja na upepo, inapiga ubavuni, kibaraza hakisaidii kitu. Nikajibanza kwenye ukuta.

Mlango wa kwanza ukafunguka kidogo, ukatoka mkono, ukavuta ndala ndani, mlango ukafungwa.

Wa pili akatoka dada amejifunga kanga, akazoa viatu vya watoto wake huku anafoka, "Kila siku nawaambia, kila siku!"

Milango mingine yote, kimya.

Nikasubiri. Raba nzuri ya kiume ikajaa maji mpaka juu kama kikombe. Yeboyebo moja ya mtoto, ya pinki, ikaelea, ikashuka ngazi, ikaondoka na maji kuelekea getini. Hakuna aliyeikimbilia.

Wakuu, nywele zilinisimama. Unajua kuona mtaa mzima wa watu ukifutika mbele ya macho yako? Ndivyo nilivyohisi.

Mama Kulwa akatoka na mwavuli wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatafuta nyumba? Una bahati, imebaki moja tu."

"Mama, viatu vya watu vinalowa kule."

Akaviangalia viatu. Akaniangalia mimi. Nadhani sura yangu ilimwambia nimeshaelewa, maana alicheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka.

"Watu gani, binti yangu? Hivyo nimenunua mitumbani."

Nikajikuta nauliza swali la kijinga. "Hata cha mtoto?"

"Sasa familia bila mtoto nani ataamini?"

Akanivuta chini ya mwavuli na kuanza kunieleza, bila hata kumwomba. Nafikiri alikuwa na hamu ya kumwambia mtu.

"Wakati wa daraja hapa walikuwa wanagombania. Wahandisi, mafundi, mtu analipa miezi sita haulizi hata bei. Daraja likaisha, wakapakia magodoro yao wakaenda. Ukiacha ionekane tupu, wezi wanang'oa koki na masinki. Na mteja akiona kote tupu anasema, mama, hapa pana nini, majini? Halafu anataka alipe nusu."

"Si ungeshusha kodi tu, mama?"

"Nikikushushia wewe, hawa wawili wanaolipa watajua kesho asubuhi. Na benki mimi hawanishushii rejesho la mkopo." Akainamia sikio langu. "Wala siko peke yangu. Pita mtaa huu na mvua hii, utajionea."

Nilipita. Bodaboda wote wamejificha, nikatembea kwa miguu kwenye tope, nachungulia magetini kama mwizi. Geti moja watu walitoka karibu wote kuokota viatu vyao, nikashukuru. Lakini mengi, viatu vimelala pale vinalowa. Kijani changu chote kinalowa.

Hapo ndipo nikakumbuka mama yuko kwa mwenyekiti wa kijiji, anasaini leo.

Nikampigia, simu ikaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikapiga tena, kwa haraka nikambonyeza mtu mwingine. Mwishowe akapokea.

"Mama, umeshasaini?"

"Tunasubiri muhuri, mwenyekiti kausahau nyumbani kwake. Kuna nini, mbona unahema?"

"Usisaini."

"We mtoto! Si ulisema viatu vipo?"

"Viatu vipo, mama. Watu hawapo."

Nikasikia nyuma sauti ya mwanaume inauliza, "Mama, vipi tena?" Kisha mama yangu, mwanakwaya wa miaka mingi, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Ndugu yangu, tumbo limenikata ghafla. Mungu akipenda tutaonana siku nyingine."

Nilikaa chini palepale kwenye tope nikalia. Sioni aibu kulisema hapa.

Halafu nikarudi Butimba, na huko nako yakanikuta.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta sijawahi kumwona. Mwenye nyumba aliniambia ni kijana wa mgodini Geita, anatoka alfajiri anarudi watu wamelala. Buti zake ziko mlangoni siku zote. Tangu nihamie napunguza redio kwa ajili yake. Nikichelewa kurudi natembea kwa vidole nisimwamshe.

Siku hiyo buti zilikuwa zimejaa maji. Nikagonga mlango. Nikagonga tena. Sauti iliyorudi ni ya chumba kisicho na kitu ndani.

Wakuu, nimekuwa nikipunguza redio kwa heshima ya buti.

Kodi yangu inakaribia kuisha. Safari hii nitaongea bei na mwenye nyumba tukiwa tumesimama karibu na buti hizo.

Nilichojifunza: lile swali nililoliruka ndilo lilikuwa na jibu. Kodi imesimama kwa sababu wenye nyumba wengi wanaona afadhali nyumba ikae tupu kuliko kushusha bei, kwa hiyo bei ya dalali haikuambii kama kuna watu ndani. Kabla hujajenga, uliza waliojaza nyumba hizo walikuwa akina nani, walikuja kufanya nini, na kama kazi hiyo bado ipo. Na umuulize mpangaji, usimuulize anayepangisha.

Sisemi watu wasijenge. Lile geti la watu waliookota viatu lipo. Kodi yake ni ya chini kuliko wenzake wote, nilikuja kuuliza baadaye.

Kwangu mimi binafsi limeniuma jambo moja. Niliogopa sana kukosea hesabu. Sikuwahi kuogopa kwamba ninachokihesabu sicho.

Mama hajanigombeza. Jana kanitumia viazi kwa basi, vya shamba lilelile, na meseji juu yake: "Huku nako imenyesha. Nimeingiza viatu vyangu ndani, ujue nipo."

Nimeisoma zaidi ya mara tano.

Mlioko Musoma, Geita, Bukoba, Kahama, kwenu hali ikoje, zimejaa au zimevalishwa viatu tu? Na wenye nyumba mliomo humu msininunie, nanyi semeni yenu, Mama Kulwa amenifanya niwaonee huruma. Ila mvua ikianza mtaani kwenu, chungulieni kwanza milango ya majirani, ndipo mje mchangie.