Mume Aliyenuswa Mlangoni

Katika ndoa ndefu iliyowapa watoto watatu na upara mmoja, mwoka keki wa bekari ya mtaani hakuwahi kushukiwa mambo ya wanawake. Alishukiwa keki.

Tangu daktari amwambie ana kisukari, kile cha ukubwani, mkewe alimsubiri mlangoni kila jioni na kumnusa mdomo. Waume wengine hunuswa pombe au manukato ya watu. Huyu alinuswa vanila, na vanila alikuwa nayo hadi kwenye kope, kwa hiyo ushahidi haukukosekana.

Na masikini alikuwa amejirekebisha kweli. Chai aliinywa kavu, bila sukari. Nusu ya sahani yake ilikuwa mboga za majani, na wali ulikaa pembeni kama mgeni asiyejua atalala wapi. Kutoka kazini alirudi kwa miguu, tena kwa njia ndefu inayozunguka uwanja wa mpira. Krimu, ambayo zamani aliionja mwenyewe kwa kidole, sasa ilionjwa na mwenzake wa kazini, mama mmoja mkimya aliyesema "iko sawa" kwa kila kitu, hata siku walipokosea wakatia chumvi.

Asubuhi, akishaoga, alichoma kidole, na mashine ndogo ya kupimia sukari ikasoma sita na kitu. Jioni mashine ileile ilimgeuka. Kumi na sita. Kumi na nane.

"Asubuhi mtakatifu, jioni mwizi," alisema mkewe. "Unakula nini huko?"

"Sili kitu."

"Basi sukari inakuingilia masikioni."

Ikafika mahali naye akajishuku. Akafikiri labda harufu tu inatosha, akawa anajifunga kitambaa puani akipamba keki, mpaka wateja wakaanza kuuliza kama kuna kilichooza.

Kupimwa kulifanyika mara tu anapoingia. Bafuni hakuruhusiwa kupita. "Ukipita huko utasukutua ushahidi," mkewe alisema, na mumewe akaketi jikoni na aproni kwapani, akatoa kidole kama mshtakiwa. Muuguzi wa kliniki alishawaambia waoshe mikono kwanza, lakini wote wawili walichukulia kwamba hayo huambiwa watu wachafu.

Jioni moja ikasoma kumi na tisa. Mkewe aliifuta mashine kwa kanga, akaisoma tena.

"Mwisho wa mwezi unaaga bekari," alisema hatimaye. "Utauza hata mkaa."

Kazi ile aliianza akiwa hajaota ndevu, na nyingine hakuijua. Lakini kilichomchoma zaidi ni kuonwa mwongo na mtu aliyezeeka naye.

Mkewe akachukua aproni, akaikung'uta kwenye mlango wa nyuma kama kila siku, akarudi.

"Mashine imeharibika," alisema mwoka keki. "Jipime wewe."

"Mimi sina kisukari."

"Ndiyo maana."

Akajichoma kidole kwa dharau. Mashine ikafikiri kidogo, ikasoma kumi na saba. Mama wa watu akavuta kiti, akakaa.

"Umekula nini?" mumewe akamuuliza taratibu.

"Sijala kitu tangu mchana."

"Sema ukweli tu, sikugombezi."

"Haki ya Mungu, sijala."

"Basi imekuingilia masikioni."

Mkewe alikuwa akitazama mikono yake, iliyokuwa nyeupe hadi viganjani. Kila jioni kazi ya mwisho ya mumewe ilikuwa kunyunyizia keki za kabatini sukari ya unga kwa vidole, kisha kujifuta kwenye aproni. Akalamba kidole. Kilikuwa kitamu.

Akaenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, akajikausha, akachoma kidole kingine. Tano na nusu. Kisha akamshika mumewe mkono, akamwosha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama anavyonawishwa mtoto kabla ya kula. Ikasoma sita nukta nane.

"Miezi yote hii tulikuwa tunapima keki," alisema mwoka keki.

Mkewe hakucheka. Bado alikuwa ameushika ule mkono.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Naogopa nikuzike kwa ajili ya kitu cha kuonja. Nisamehe, baba."

Mwoka keki alikuwa ameiandaa siku nyingi hotuba ya mtu aliyesingiziwa, ndefu, yenye vituo. Yote ikamtoka kichwani. Akamwambia chakula kinapoa.

Kesho yake alirudi jioni, akavua viatu, akaelekea moja kwa moja kwenye bomba. Mkewe alikuwa amesimama palepale mlangoni kwa mazoea, akijifanya anafagia. Hakukuwa tena na sababu ya kumnusa mtu. Mwoka keki akarudi nyuma hatua moja, akainama kidogo ili pua imfikie.