Mwisho wa Sinema ya Gesima

Siku hizi sinema za kimya huwekewa muziki. Mimi huuzima. Nimezoea kukaa na nyuso tu, na mikono, na ule muda mfupi kabla mtu hajafanya alichokusudia. Mjukuu wangu huona ni ukaidi wa uzee. Aone tu. Aliyenifundisha kutazama hivyo ni mdogo wangu, na nilimlipa ubaya.

Alipoteza kusikia akiwa mchanga, kwa homa. Nyumbani tulizungumza naye kwa mikono, lugha ya kujitungia wenyewe. Miaka ya sitini ikielekea kwisha, gari la sinema lilifika kwetu Gesima Jumapili moja mchana. Madirisha ya darasa yakazibwa kwa mablanketi. Mwenye gari alitueleza picha kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili ambacho akina mama wengi hawakukijua. Mdogo wangu hakumhitaji. Kwenye picha, jamaa mwembamba aliyebeba ngazi alipomsogelea muuza mayai, yeye alicheka kabla yetu sote. Haikuchukua muda wanawake wakaachana na kipaza sauti, wakawa wanamtazama yeye, wacheke akicheka. Sikuwahi kumwona na furaha ile.

Kisha yule jamaa akamshika mwanamke kidevu, akamwinamia. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, ukutani. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya mzazi na mwana kuoneana haya, na msichana wa umri wangu hakutazama busu baba yake akiwa pale. Nikamshika mdogo wangu mkono tutoke. Aling'ang'ania benchi. Nilimvuta kwa nguvu.

Kesho yake tukichuma chai, jirani alinicheka.

"Nyinyi mlitoroka nini? Alikuwa anamtoa takataka kwa jicho tu. Na hapo ndio ilianza kuwa tamu."

Akanisimulia iliyobaki yote. Mdogo wangu aliona midomo yetu ikienda, akaniuliza kwa mikono: ikawaje? Niliona aibu. Nikamjibu kwamba iliishia pale pale. Hakuamini. Aliniuliza wiki ile, akaniuliza mwezi uliofuata, akaniuliza mvua zilipoanza, nami nikazidi kumkasirikia, kwa sababu kila alipouliza, kukiri kulikuwa kugumu zaidi. Gari lile halikurudi.

Mwaka uliofuata homa ilimshika tena. Siku ya tatu, jua likiwa limejaa chumbani, nilikaa kando ya kitanda chake nikaanza kumsimulia: ngazi, mayai, kidevu, takataka ndani ya jicho, na yote niliyoyapata kwa jirani, mpaka mwisho. Mikono yangu haikuacha kitu. Mtu anayesikia ningemnong'oneza sikioni. Yeye alikuwa amefumba macho, na hakuyafumbua tena.