Cheti Chini ya Msalaba

Otmar Magesa alipofaulu mtihani wake wa kwanza wa mitandao ya kompyuta, mama yake, Paskazia, alikitia cheti kwenye fremu, akakipeleka kanisani Ushirombo Jumapili ya mavuno, kikabarikiwa pamoja na mahindi na kuku. Kisha akakitundika sebuleni, chini ya msalaba. Siku zile Otmar mwenyewe aliamini kwamba karatasi ile ndiyo ufundi.

Miaka kumi na minne katika mgodi mmoja wa Geita ilimfundisha vingine. Aliwaona wenye vyeti saba wakiduwaa mbele ya waya uliotafunwa na panya, naye akaupata kwa kupapasa tu. Cheti chake kilipoisha muda, hakukihuisha.

"Panya hasomi vyeti," alizoea kumwambia Violeth, binti aliyejifunza kazi kwake. Violeth alicheka, akaendelea kufanya mitihani.

Mwaka huu kazi ya mitandao ilikabidhiwa kampuni mpya, na msimamizi wake akawa Violeth.

"Shikamoo, kaka Otmar."

"Marahaba. Upole huu una jambo."

"Wanataka cheti ambacho muda wake haujaisha. Orodha ya watakaobaki kazini inafungwa kesho kutwa."

"Na mtihani huchukua miezi."

"Niliwaambia wewe ndiye uliyenifundisha. Wakauliza, una cheti gani."

Katika simu Otmar alimweleza mama yake kwamba wanataka cheti. Mama hakungoja mengine. Kesho yake alishuka kwenye basi, fremu ameifunga kwa kitenge, ameikumbatia kama kichanga.

"Cheti chako cha ubatizo ninacho tangu uzaliwe, na hakuna padre aliyewahi kukikataa," alisema. "Hiki nacho nimekitunza. Wapelekee."

Kioo hakikuwa na vumbi hata chembe. Tarehe ya mwisho ya cheti ilikuwa imepita miaka kumi na moja.

Alikwenda nacho ofisini, kwa kuwa mama alikaa kwenye geti la mgodi akingoja. Violeth alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma chote, akakirudisha kwa mikono miwili. Otmar akavua kitambulisho cha mgodi shingoni, akakiweka mezani.

"Wamekiona?" Paskazia aliuliza pale getini.

"Wamekiona, mama. Wamekishika kwa heshima."

Mama akaridhika. Akatandaza kitenge chini, akasema atakirudisha cheti mahali pake, kisije kikapotea siku watakapokihitaji tena.

Otmar akainama, akamshikia ncha ya kitenge.