Kofia ya Kiuyu na Kidude cha Ulaya

"Mungu wangu! Miaka yote hii nakupikia, nakufulia, nakukanda mgongo ukitoka kwenye mabati, leo waniletea mke mwenzangu mpaka ndani! Umembeba kichwani! Umempitisha kwenye mlango wangu, umemkalisha kwenye mkeka wangu, na bado waniuliza kimepikwa nini! Majirani! Njooni mumwone, kaja naye!"

Majirani tulikwenda. Mie nilitangulia kuliko wote, maana nilikuwa njiani kumwomba Bakar aje atazame bati langu linalovuja. Nikachungulia nimwone huyo mke aliyebebwa kichwani. Sikuona mtu. Nilimwona Bakar peke yake, kakaa mkekani miguu kainyoosha, kofia kichwani, na mbele yake amesimama Bi Time na mwiko.

"Kaja na nani?" nikauliza.

"Huna macho weye shemegi? Itazame hiyo kofia!"

Nikaitazama. Nikaelewa. Nikataka kurudi kwangu nikalale na bati langu livuje.

Ngoja nikuelezeni. Bi Time huyu, Time binti Nyange, ni mtu wa Mgogoni wa kuzaliwa. Shule aliisoma mpaka akajua kuandika jina lake na kusoma ya wenzake, akaona inatosha. Shangazi yake akamtia sindano mkononi, akamfundisha kushona kofia za viua, na tangu hapo hujamwona bila kofia mapajani. Anashona akingoja wali ukauke. Anashona msibani, watu wakisema "amina" naye anasema, kisha anavuta uzi. Viua vyake wanavijua mpaka Wete: vidogo, vimebanana, na kwenye ukingo anaweka kitundu kimoja pembeni kisichokuwa na kazi yoyote. Hicho ndicho alama yake. Mtu akivaa kofia ya Bi Time, ukikitafuta kitundu utakipata.

Na wivu. Wanawake wengine wana wivu na wanawake wenzao. Bi Time ana wivu na kila chenye sauti nyembamba. Bakar alikuwa na redio, akipenda kusikiliza asubuhi mama mmoja anayesoma taarifa ya habari. Redio ile iliishia kwenye banda la kuku. Alikuwa na mtamba wa ng'ombe mzuri, akampa jina Nuru. Bi Time akamuuliza, "Nuru ya nani?" Kuanzia siku ile yule ng'ombe anaitwa Ng'ombe, na mpaka leo ukimwita haji.

Ungedhani mume wa mke kama huyo angekaa kitako. Lakini Bakar ni fundi bati, na fundi bati akiwa juu anaona mbali. Alikwenda Kiuyu kumwezekea nyumba mjane mmoja, Shadya, muuza pweza wa kukaanga. Alipanda juu ya paa ana mke mmoja, akateremka na wawili. Na bati zenyewe zinavuja, ndiyo maana kila mara ana sababu ya kurudi. Langu linavuja vilevile, lakini kwangu harudi.

Siku ndoa ile ilipojulikana, Bi Time hakulia. Alishona kofia mpya, akaichapa stachi ikasimama kama sahani, akampa mumewe. "Zamu yangu vaa hii. Zamu yake vaa yake, kama anajua kushika sindano. Lakini yake isije ikakanyaga kizingiti changu." Bakar akakubali; na angekataaje? Shadya naye akamshonea yake, viua vikubwa vikubwa, kama vya mtu anayeshona huku anafukuza nzi kwenye pweza. Ikawa sote tunamsoma Bakar kichwani. Ukimwona na viua vidogo, kazi yako umpelekee Mgogoni. Ukimwona na viua vikubwa, mwache. Mtu mzima hana hata siri ya mahali anapolala! Sie tukacheka, yeye akazoea.

Basi siku ile zamu ilikuwa ya Mgogoni, na kichwani ilikuwa kofia ya Kiuyu.

"Nimepitiwa, mke wangu," Bakar akasema. "Jua kali, kazi nyingi, nikachukua iliyokuwa karibu."

"Karibu na nani?"

 Bi Time akaipokonya ile kofia, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye ukingo. Kidole kikasimama. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Kaiga kitundu changu," akasema, na safari hii hakupiga kelele, ndiyo nikaogopa. "Shemegi, hebu tazama. Huyu mwanamke kachukua mume, nikanyamaza. Sasa kachukua na kitundu."

Kweli. Kitundu kilikuwa pale pembeni, kimepotoka, lakini kipo.

"Kofia haitoshi tena," akasema Bi Time. "Nataka kile kidude cha Maher."

Maher ni mtoto wa Bi Rumaitha wa duka la njia panda. Ukoo wao ndio uliokuwa na ile mikarafuu ya bondeni yote. Sasa wana duka la mchele na wana mtoto Ulaya. Alikuja likizo, na jioni ya kwanza tu akatuonesha mkono wake pale kwenye baraza ya duka. Hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, ukibonyeza, unahisi kitu kigumu kama punje ya mchele. Ukiisogeza simu karibu, simu inaandika jina lake, kundi la damu yake na namba ya mama yake. Alisema kazini kwake wametiwa wengi. Mlango unafunguka kwa mkono, chai unalipia kwa mkono.

"Na chooni?" akauliza Mzee Mbaruk.

"Mlango wa choo pia, babu."

"Kwa hiyo bwana wako kazini anajua umekwenda mara ngapi?"

Maher akacheka kidogo, kisha akasema, "Anajua. Siku moja tumbo lilinivuruga, kesho yake akaniuliza kama nimepona. Sikuwa nimemwambia."

 Mzee Mbaruk akavuta kanzu akaficha mikono yake kwenye mikono ya kanzu. Huyu mzee ameona kila uchaguzi tangu vyama vilipokuwa vingi, na ameona miaka ile ambayo watu wa chama hiki walikuwa hawaendi kuzika maiti wa chama kile. "Wakati ule walitusoma kwa rangi ya kanga za wake zetu," akasema. "Sasa watusome chini ya ngozi? Siku ya kura mtu akupitishie simu mkononi, akuambie nenda nyumbani babu, tumeshakujua? Mie hapana."

Bi Rumaitha naye alikuwa amekataa. Mwanawe alimletea viwili kutoka huko, kimoja akitie kwa sababu anasahau dawa zake, kimoja cha akiba. Mama akamwambia, "Watu wa mradi wamekuja kuwatia ng'ombe wa Wingwi hereni za namba. Mie si ng'ombe wa mradi."

Sasa Bi Time jioni ile ya baraza alikuwa dukani ananunua uzi, akayasikia yote. Sie tulisikia habari ya choo na kura. Yeye alisikia jambo moja tu: kwamba jina likishaingia chini ya ngozi, simu ya mtu yeyote italisoma.

"Kinatiwaje?" alimuuliza Maher.

"Kwa sindano, Bi Time."

"Na kutoka?"

"Mpaka upasuliwe."

"Eeh," akasema Bi Time, akachukua uzi wake akenda zake. Nilidhani yameisha.

Hayakuisha. Siku ya kofia aliwatuma majirani wakamwite Maher aje na sindano yake, na Maher, kijana mwenye adabu, akaja na kiboksi, akidhani mtu anaumwa. Bi Time akamkalisha mkekani pembeni ya Bakar.

"Mtie huyu. Uandike: Bakar Duni, mume wa Time binti Nyange wa Mgogoni. Kwa herufi kubwa. Mtu akimgusa na simu, kule Kiuyu, lije hilo jina langu, liwake. Ampe pweza huku anaona. Amkande mgongo huku anaona."

"Lakini kila mtu ataweza kumsoma, Bi Time. Si Kiuyu tu. Barabarani, bandarini, msikitini, mtu yeyote mwenye simu."

"Ndiyo ninavyotaka! Ananificha? Mume wangu siri?"

"Na yeye mwenyewe anataka?"

Sote tukamtazama Bakar. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Bakar alikuwa anajikuna kichwa kisichokuwa na kofia.

"Na hiki," Bi Time akaendelea, "hakiigwi kama kitundu?"

Maher akasita. Ulaya hawakumfundisha kusema uongo, au labda walimfundisha akasahau. "Kinaigwa, mama. Mwenye simu nzuri anaweza kuchukua yaliyomo akayatia kwenye kingine."

"Shadya ana simu nzuri?"

 Bakar akasema kwa sauti ndogo, "Anayo. Ile mpya."

"Nani kamnunulia?"

Bakar akajibu kwa kutazama bati la nyumba yake. Mie nikatazama miguu yangu. Nje, mtu akacheka akajifanya anakohoa.

Nilingoja mwiko uruke. Badala yake Bi Time akakaa. Akakaa chini kabisa, akaiweka ile kofia ya Kiuyu magotini, na nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa yule msichana aliyekuwa akishona kaegemea ukuta kwa shangazi yake zamani, hataki mtu amtazame. "Mtie hivyohivyo," akasema. "Aige akitaka. Lakini mwili huu uwe na jina langu. Kofia anavua. Hili asivue. Nataka kimoja tu asichokivua."

Na Bakar, ambaye tangu aingie alikuwa anasema nimepitiwa, mke wangu, akakunja mkono wa shati.

"Haya, nitie," akamwambia Maher. "Sikatai. Nimesomwa kichwani miaka, hata mkononi na nisomwe. Lakini mie sibebi nusu ya maneno kwenye nyama yangu. Andika: Bakar Duni, mume wa Time wa Mgogoni na Shadya wa Kiuyu."

"Huyo abaki kwenye kofia!" Bi Time akaruka.

"Kofia naivua mlangoni, binti Nyange. Ukiniambia vua, navua, tena sasa hivi umeivua mwenyewe. Hiki hakivuliwi, wewe ndiye uliyesema. Ukinitia, nitakuwa naingia naye kila zamu yako. Nala naye. Nalala naye hapa, kwenye kitanda chako. Na kila mgeni atakayenigusa na simu atawasoma nyie wawili kwenye mstari mmoja, mpaka nitakapokufa. Na atakayeiosha maiti yangu pia atawasoma." Akanyoosha mkono wake mbele ya Maher, kiganja juu. "Mie tayari. Muulize mwenye mume."

Maher alikuwa ameshaifungua ile sindano, nene kuliko nilivyofikiri, ameishika juu kama mtu aliyeshika mshumaa. Akamgeukia Bi Time kwa heshima zote.

"Basi mama, niandikeje? Majina mawili? Au nisitie kabisa?"

Bi Time alikuwa anakipapasa kile kitundu kilichopotoka, kwa ncha ya kucha, taratibu, kama anayekitafutia makosa yake. Akasimama. Akachomoa sindano yake kwenye leso, akaichomeka kwenye ile kofia ya Kiuyu, akaibana kofia kwapani. Akavaa ndara. Akatupita mlangoni, akatoka uani, akashika njia. Pale kwenye njia panda, njia moja inakwenda kisimani na nyingine inakwenda Kiuyu, na migomba ya Bi Rumaitha inaziba, hujui mtu kashika ipi, anakwenda kuitosa kofia au anampelekea mwenyewe.

Maher akatoka mpaka nje, sindano bado mkononi.

"Bi Time! Niandikeje?"